Mke wangu huanguka kwa njaa, na daktari anataka azuiwe chakula siku tatu

SWALI

Daktari, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi na naishi kijijini, si mbali na mji wa Wete, Pemba. Nakuandikia kuhusu mke wangu mwenye umri wa miaka 41, mama wa watoto wanne, ambaye tangu msimu wa karafuu wa mwaka juzi hupatwa na jambo ambalo kila mtu katika ukoo ameshalipa jina analolijua yeye.

Lilianza alfajiri. Nilikwenda kumwamsha kwa ajili ya sala nikamkuta amelowa jasho, kanga imemganda mwilini, macho yako wazi lakini hanioni. Nilipomwita aliweweseka maneno yasiyo na mwanzo wala mwisho, akanisukuma kwa nguvu ambazo sikujua kuwa anazo, kisha akaketi akawa anaichambua ncha ya shuka kwa vidole kama mtu anayechambua karafuu kutoka kwenye vikonyo. Mama yangu, ambaye tunaishi naye, alisema hilo ni shetani. Akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani aliye jirani yetu, akasoma, akamnywesha kikombe cha maji yaliyosomewa na kutiwa asali, na baada ya robo saa hivi mke wangu akazindukana, akauliza kwa nini chumba kimejaa watu. Hakukumbuka lolote. Tangu siku hiyo kila likimjia hufanyiwa vivyo hivyo, na kila mara huzindukana.

Katika hospitali moja tuliambiwa ni kifafa. Akapewa dawa, akazitumia kwa mwaka mzima na ziada, nazo hazikumletea faida ila kumfanya asinzie mchana. Wakati huo huo mwenyewe aligundua kwamba akila kitu usiku wa manane huamka salama, kwa hivyo akawa anaweka tende na kipande cha boflo kando ya kitanda. Ameongezeka kilo zipatazo 11, na majirani wanamsifu kuwa amenawiri.

Mwezi wa Shaaban uliopita alipatwa tena. Mama yangu ana kisukari, na binti yetu mkubwa ndiye anayempima bibi yake kila asubuhi kwa mashine ya nyumbani. Siku hiyo, bila ya kuambiwa na mtu, mtoto akaichukua ile mashine akamchoma mama yake kidole. Ilisoma 2.1 (milimoli kwa lita).

Tulikwenda hospitali, lakini damu ilichukuliwa saa nne za asubuhi, akiwa ameshakunywa chai kwa maandazi, na sukari ikawa 5.4. Tukaambiwa mashine yetu ni mbovu. Daktari mwingine akashuku kwamba kuna uvimbe kwenye kongosho unaotoa insulini, akaagiza insulini ipimwe. Jibu lilikuwa 9, na pembeni pameandikwa kuwa ni kiwango cha kawaida. Sukari ya siku hiyo ilikuwa 4.9. Ndugu wakachanga, tukavuka hadi Dar es Salaam kufanya skani ya CT ya tumbo. Haikuonekana kitu. Sasa tumefika kwa daktari wa homoni, naye anataka mke wangu alazwe na azuiwe chakula kwa muda unaoweza kufika saa 72, huku akitolewa damu kila baada ya saa kadhaa.

Daktari, nimeshindwa kulielewa jambo hili. Mtu ambaye akikosa chakula usiku mmoja tu huanguka, vipi anawekwa na njaa siku tatu kwa makusudi? Kama skani haikuona uvimbe, si ndiyo kusema haupo? Na kama ni lazima afunge, haiwezekani tukaingoja Ramadhani, akafunga nyumbani kwake akiwa na watu wake, tukawa tunampima kwa mashine ya mama? Mama mkwe wangu amesema hatamruhusu mwanawe akauliwe kwa njaa hospitali, na mimi nimebaki katikati.

Mume mwenye wasiwasi, Wete

JIBU

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu mwalimu. Nitaanza na jibu lenyewe: mkubali kulazwa. Daktari huyo wa mwisho ndiye wa kwanza kuagiza kipimo kinachofaa, na sababu za kusema hivyo ziko ndani ya barua yako mwenyewe.

Kuna sentensi yako moja niliyoirudia mara tatu, ile ya kikombe cha maji ya asali. Katika miaka ya 1930 alikuwapo New York daktari wa upasuaji aliyeitwa Allen Whipple, ambaye alichoka kuona watu wakipasuliwa kongosho bila ya sababu ya kutosha, akaweka masharti matatu ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa kuingilia katika maradhi haya. La kwanza, mgonjwa awe na dalili za kushuka kwa sukari. La pili, sukari iliyopimwa wakati wa dalili hizo iwe chini kweli. La tatu, dalili ziondoke pale sukari inapopandishwa. Nyumba yako ilishatimiza la kwanza na la tatu zamani, kwani kikombe kile kilimrudisha mgonjwa kwa robo saa kila mara, na huo ndio mwendo wa sukari ikiingia mwilini. Sisemi kwamba kisomo hakina nafasi yake, hilo si la daktari kulipima. Ninachosema ni kwamba asali iliyokuwa ndani ya kikombe ni dawa ambayo hata mimi ningeitoa. Binti yako akaja kuliongeza sharti la pili kwa 2.1 yake, na ningefurahi ukimfikishia salamu zangu, kwa sababu katika hadithi hii yote yeye ndiye aliyepima kwa wakati unaostahiki.

Sasa tuifahamu alfajiri. Mtu mwenye afya anapolala bila kula, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, karibu ya kuikata kabisa, na ini hutoa sukari iliyowekwa akiba ili ubongo usikose chakula chake. Uvimbe unaotoa insulini, ambao madaktari huuita insulinoma, hauitii amri hiyo. Huendelea kuimimina insulini ingawa sukari inashuka, na insulini hiyo hulifunga ini lisitoe akiba. Kwa hivyo saa za hatari ni zile zilizo mbali zaidi na mlo, nazo kwa watu wengi ni alfajiri. Jasho na kutetemeka ni mwili unapiga kelele, na kuweweseka, kusukuma watu na kuchambua shuka ni ubongo uliokosa sukari. Uzito nao una maelezo yake, kwani mgonjwa amejifundisha mwenyewe kula ili asianguke, kisha anasifiwa kwa kunawiri.

Mtu asiwalaumu sana waliosema kifafa. Maradhi haya hupata mtu mmoja hadi wanne katika kila watu milioni moja kwa mwaka, na Zanzibar nzima, kwa sensa ya 2022, ina watu wapatao milioni 1.9, kwa hivyo daktari anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kumwona mgonjwa hata mmoja. Wagonjwa wengi duniani hukaa miaka wakitibiwa kifafa au maradhi ya akili kabla ya mtu kuwachoma kidole. Dawa za kifafa, hata hivyo, msizikatishe kwa ghafla kwa sababu mmesoma jibu langu. Mwambieni daktari wa homoni kuwa anazitumia, naye atapanga namna ya kuziacha.

Nije kwenye majibu ya maabara yaliyokuchanganya, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za watu hupotea. Ile 5.4 ya saa nne za asubuhi, baada ya chai na maandazi, haikuonyesha kwamba mashine yenu ni mbovu. Ilionyesha tu kwamba mke wako alikuwa ameshakula. Na ile insulini ya 9 iliyoandikiwa kuwa ni kawaida haina maana yoyote, nzuri wala mbaya. Maneno yaliyochapishwa pembeni mwa karatasi ya maabara ni kipimo cha mtu ambaye sukari yake iko sawa, na siku hiyo yake ilikuwa 4.9, kwa hivyo insulini ilikuwa na haki ya kuwepo. Lau damu ile ile ingechukuliwa alfajiri akiwa na 2.1, namba hiyo hiyo ya 9 ingekuwa ushahidi mzito, ingawa mashine ya maabara ingeendelea kuchapisha pembeni kwamba ni kawaida. Sukari ikiwa chini ya 3.0, insulini inatakiwa iwe imeshuka chini ya 3 (mikrouniti kwa mililita). Ikiwa 3 au zaidi, basi kuna kitu kinachoitoa pasipo kuhitajika. Kwa maradhi haya insulini haisomwi peke yake hata siku moja. Husomwa pamoja na sukari ya dakika ile ile, kutoka mkono ule ule.

Hiyo ndiyo kazi ya kuzuiwa chakula. Hakuna anayetaka kumwona mke wako akianguka, kwani hilo mmeshaliona mara nyingi. Kinachotafutwa ni damu ya wakati huo, ambayo hamjawahi kuipata, kwa sababu nyumbani shambulio huja usiku bila ya maabara, na hospitali mnafika akiwa amekwisha kunywa asali.

Nitakueleza jinsi siku zenyewe zinavyokwenda ili umweleze mama mkwe wako, maana nadhani hofu yake inatokana na kumfikiria mwanawe amefungiwa chumbani peke yake. Mgonjwa hula mlo wake wa mwisho kama kawaida na saa huandikwa. Huwekewa kanula, yaani kimrija cha plastiki kinachokaa ndani ya mshipa, mkononi tangu mwanzo, ili damu itoke na dawa iingie bila ya kutafuta mshipa mtu akiwa anatetemeka. Maji hunywa atakavyo, na chai ya rangi isiyo na sukari huruhusiwa. Mchana hatakiwi kulala kitandani, bali atembee wodini, afanye sala zake, azungumze na watu, kwa kuwa misuli inayofanya kazi hula sukari na kulileta jambo mapema. Damu huchukuliwa kila baada ya saa sita, na sukari ikishafika 3.3 au chini ya hapo, kila baada ya saa moja au mbili. Muuguzi humwuliza mambo madogo kila mara: jina lake, siku ya leo, ahesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa kuondoa saba saba. Maswali hayo huonekana ya kitoto, lakini ubongo uliopungukiwa na sukari huanza kukosea hesabu kabla ya mkono kutetemeka.

Mara dalili zinapotokea na sukari kuwa imeshuka vya kutosha, kwa kawaida 2.5 au chini ya hapo, au chini ya 3.0 kwa yule ambaye masharti ya Whipple yameshathibitishwa kwake kwa vipimo vya maabara, kipimo huishia hapo hapo. Saa 72 ni mwisho wa ruhusa. Theluthi mbili hivi ya wenye uvimbe huu hawazipiti saa 24, na zaidi ya tisa katika kila kumi huwa wameshajulikana ndani ya saa 48. Kwa mtu ambaye bila ya tende za usiku hafiki alfajiri, nategemea jambo lake litamalizika usiku wa kwanza, na mama mkwe wako atamkuta anakula.

Damu ya mwisho, kabla ya kupewa chochote, ndiyo roho ya kipimo. Hupimwa ndani yake sukari, insulini, proinsulini, ketoni, mabaki ya dawa za kisukari, na peptidi C. Hii ya mwisho inahitaji maneno mawili. Kongosho linapotengeneza insulini huikata kutoka kwenye kitu kirefu zaidi, ndiyo hiyo proinsulini, na kipande kinachobaki ndiyo hiyo peptidi, kwa hivyo kila tone la insulini ya mwilini hutoka na mwenzake. Insulini ya chupa, ile ya sindano, haina mwenzake huyo. Insulini ikiwa juu na peptidi C ikiwa chini, basi mtu amedungwa. Zikiwa juu zote mbili, yaani insulini 3 na zaidi na peptidi C 0.2 (nanomoli kwa lita) na zaidi, insulini inatoka ndani yake mwenyewe. Ketoni nazo ni shahidi wa pembeni. Mtu wa kawaida aliyekaa na njaa siku mbili huunguza mafuta na ketoni zake hupanda, lakini insulini ikiwapo mafuta hayaungui, na ketoni hubaki chini ya 2.7. Kisha hudungwa glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe akiba yake ya sukari, miligramu 1 kwenye mshipa na sukari kufuatwa kwa nusu saa. Ikipanda kwa 1.4 au zaidi, ina maana akiba ya ini ilikuwapo muda wote na insulini ndiyo iliyoifungia. Baada ya hapo analetewa chakula.

Utaona kwamba sukari kushuka peke yake haitoshi. Wapo wanawake wenye afya kamili ambao wakikaa muda mrefu bila ya kula sukari yao hushuka chini ya 3.0, nao wako salama, insulini yao imelala na ketoni zimepanda. Kwa hivyo mashine ya mama yako, ambayo ilifanya kazi kubwa siku ile, haiwezi kuamua kesi hii. Mashine hizi zilitengenezwa kumwangalia mwenye kisukari, na huko chini kwenye 2 na 3 hukosea kwa kiasi kinachoweza kugeuza hukumu.

Naomba sasa uniruhusu swali ambalo halitapendeza, na ambalo daktari yeyote angelazimika kuliuliza. Mama yako anatumia dawa gani ya kisukari? Ikiwa ni vidonge vya jamii ya glibenklamidi au gliklazidi, vidonge hivyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini, na mtu akivimeza bila ya kuwa na kisukari, damu yake itafanana na ya mwenye uvimbe katika kila namba niliyoitaja: insulini juu, peptidi C juu, ketoni chini. Simtuhumu mtu. Katika nyumba yenye pakiti nyingi za dawa juu ya kabati moja, makosa hutokea kwa mwanga mdogo, hasa kwa mtu aliyezoea kumeza dawa za kifafa kila usiku. Wakati mwingine dawa huingia kwa njia ambayo hakuna mwenye nyumba anayeijua. Mwaka 2008, Singapore, watu zaidi ya mia moja walifikishwa hospitali kwa kushuka kwa sukari, na ikagundulika kuwa vidonge vya magendo vya nguvu za kiume walivyotumia vilikuwa vimechanganywa na glibenklamidi. Kwa hivyo pelekeni hospitali kila kidonge, kila unga na kila chupa ya dawa ya miti shamba anayotumia au aliyowahi kupewa, na muhakikishe kwamba kipimo cha dawa za kisukari kinafanywa kwenye damu ile ile ya wakati wa shambulio. Kikifanywa wiki moja baadaye hakitasema kitu. Iwapo pia aliwahi kutibiwa malaria kwa kwinini karibu na shambulio lolote, litajeni hilo, kwa sababu kwinini nayo huamsha insulini.

Mambo ya kuyauliza kabla ya kulazwa ni yale ya usafiri wa damu, ambayo kwetu visiwani ndiyo huharibu kazi nzuri. Sukari iliyomo ndani ya kichupa cha damu huendelea kuliwa na chembe za damu zenyewe, kiasi cha sehemu tano hadi saba katika kila mia kwa saa moja, kwa hivyo damu ya sukari huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha kijivu, kilichotiwa floridi, na bado inatakiwa ifike maabara mapema. Damu ya insulini nayo huharibika ikikaa kwenye joto au chembe zake zikipasuka. Yafaa iwekwe kwenye barafu, izungushwe mapema kwenye mashine ili majimaji yake yatengwe na chembe, kisha majimaji hayo yagandishwe, ndipo isafirishwe hata kama maabara yenyewe iko ng'ambo ya bahari. Muulizeni daktari, kwa adabu, kama maabara inajua siku na saa ya kipimo, na nani atapokea vichupa saa tisa za usiku. Kama jibu ni la kusitasita, ombeni siku nyingine au hospitali kubwa zaidi, Mnazi Mmoja kwa Unguja au Muhimbili kwa Dar es Salaam, na muulize huko mapema kama wanaweza kukifanya kikamilifu. Ni bora kungoja wiki mbili akiwa na tende zake kuliko kukaa na njaa siku mbili kisha vichupa vikakaa mezani hadi asubuhi.

Kuhusu skani, uvimbe huu ni mdogo. Tisa kati ya kumi haufiki sentimita 2, na mwingi ni kama punje ya kunde au ya mbaazi iliyojificha ndani ya nyama yenye rangi ile ile. Skani ya CT isiyopangwa kwa ajili ya kongosho, yaani isiyopiga picha mapema wakati dawa ya kung'arisha mishipa ndiyo kwanza inaingia, inaweza kuupita bila ya kuuona. Upande wa pili pia upo: watu wengi wana vijinundu vya kongosho visivyofanya lolote, na aliyetangulia na picha anaweza kupasuliwa kwa kijinundu kisicho na kosa huku mkosaji akibakia ndani. Whipple alichokikimbia ni hicho. Damu ikishatoa hukumu kuwa insulini inatoka pasipostahiki, ndipo utafutaji unapoanza kwa nguvu. Hufanywa CT iliyopangwa vizuri, au MRI (skani ya sumaku), au ultrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi tumboni ili kulitazama kongosho kwa karibu kupitia ukuta wa tumbo la chakula, ambayo mikononi mwa mzoefu huona uvimbe mwingi ambao CT haikuuona. Zikishindikana zote, ipo njia ya kupitisha mrija kwenye mishipa, kutia kalsiamu katika mshipa mmoja baada ya mwingine unaolisha kongosho, na kupima insulini inayotoka upande wa ini, ili ijulikane angalau ni sehemu ipi ya kongosho inayoitoa. Wachache sana hufikia huko.

Msikae na neno uvimbe mkalisikia kama saratani. Katika kila kumi, tisa hivi si saratani, na ukiondolewa sukari hurudi kuwa sawa. Daktari Roscoe Graham wa Toronto alimponya mgonjwa kwa kuutoa uvimbe wa namna hii mwaka 1929, miaka minane tu baada ya insulini yenyewe kugunduliwa katika mji huo huo. Ulizeni tu katika ukoo wa mkeo kama kuna watu waliosumbuliwa na mawe ya figo mara kwa mara au waliofanyiwa upasuaji wa tezi, kwa sababu sehemu ndogo ya wagonjwa hawa huwa na maradhi ya kurithi yanayogusa tezi kadhaa, na upasuaji wao hupangwa kwa namna nyingine.

Ama Ramadhani, hapana. Kufunga nyumbani kuna njaa ile ile ya wodini, lakini hakuna kanula, hakuna glukosi ya mshipani, hakuna kichupa cha damu, na atakayekuwa macho ni binti mwenye skuli kesho yake. Tena saumu ya Ramadhani huzuia na maji, jambo ambalo kipimo hakilihitaji. Mpaka atakapotibiwa, mkeo ni mgonjwa ambaye kukaa bila ya kula kunamdhuru, na ruhusa ya mgonjwa mnaijua kuliko mimi. Mkitaka kutulia moyo mwendeeni sheikh mnayemwamini na mumweleze ile 2.1. Huyo mwalimu wa chuo jirani yenu naye angefaa kuelezwa, kwani ndiye aliyekuwa akimtibu kwa asali miaka yote hii, na neno lake kwa mama mkwe wako litakuwa zito kuliko langu.

Katika siku zilizobaki kabla ya kulazwa, aendelee na tende zake za usiku, na muongeze kitu kinachokaa tumboni kwa muda mrefu, kama muhogo au ugali kwa samaki, kabla ya kulala, pamoja na kuamshwa mara moja usiku ale. Asiwashe moto wa kupikia alfajiri kabla ya kutia kitu mdomoni. Siku ya kuvuka, akae na juisi mkononi na si ndani ya begi lililopakiwa chini, kwani boti zinachelewa. Akianza kukujibu maneno yasiyoeleweka, mpe kitu kitamu kwanza ndipo mtafute mashine. Akiwa hawezi kumeza au hajitambui, msimmiminie chochote mdomoni, wala asali, kwa sababu itaingia kwenye mapafu; mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali iliyo karibu, na neno la kwanza mtakalomwambia muuguzi mlangoni liwe kwamba sukari yake hushuka. Kisha muombeni achukue kichupa kimoja cha damu kabla ya kumdunga glukosi, ikiwa kufanya hivyo hakumcheleweshi hata dakika moja.